Pagala la Kange na majani ya jirani yake

Ukitoka stendi ya Kange, hapa Tanga, ukaingia mitaa ya ndani, utapita viwanja viwili vinavyopakana. Cha kwanza kina nyumba iliyofika kwenye lenta na kuishia hapo. Huu ni mwaka wa sita. Nondo zimechomoza juu zikiwa nyekundu kwa kutu, na pale panapotarajiwa kuwa sebule umeota mpapai ambao umeshazaa mara mbili. Kiwanja cha pili hakina kitu. Kina bikoni nne, mwarobaini mmoja pembeni, na majani yanayofyekwa kabla ya masika na kabla ya vuli. Mwenyewe ni mwalimu wa shule ya msingi.

Mtaani, mwenye pagala ndiye anayehesabiwa kuwa ameanza maisha. Mwalimu anaulizwa kila akionekana: "Mwalimu, sasa hili pori unatufugia nyoka, utajenga lini?" Wapo waliokwisha kuamua kwamba ameshindwa, na wapo wanaosema pesa zake anazila. Ukweli ni kwamba kila mwezi anaweka fungu lake kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ambamo pesa za watu wengi huwekezwa kwa niaba yao, na mwaka 2024 alinunua kipande cha hatifungani ya maji ya Tanga, yaani aliikopesha mamlaka ya maji naye analipwa riba. Anakusudia kujenga vyumba vya kupangisha, kama anavyokusudia jirani yake. Wanatofautiana katika jambo moja tu: pesa inakaa wapi kabla nyumba haijakamilika.

Ninaandika kwa sababu naona mwalimu huyu, na wenzake wachache walioko Tanga, hawaeleweki. Hoja yao hupuuzwa kabla ya kusikilizwa, na wanaoipuuza ni watu wenye akili zao, wengi wao wakiwa wamejenga nyumba zaidi ya moja.

Nianze na hao waliojenga, maana hoja yao si dhaifu. Karibu kila nyumba unayoiona Makorora, Mikanjuni au Ngamiani ilijengwa kidogo kidogo. Mtu alinunua tripu ya mchanga mwezi huu, kokoto mwezi ujao, mifuko mitano ya saruji baada ya mavuno au baada ya kupokea mchezo. Hakukuwa na benki ya kumkopesha, na hata leo riba ya mikopo ya nyumba nchini imekuwa ikicheza kati ya asilimia 15 na 19, kiwango ambacho kodi ya vyumba vya kawaida haiwezi kukilipa. Tofali lililokwisha kujengwa haliazimwi. Shemeji akija na shida, huwezi kubomoa ukuta umpe. Pesa iliyo kwenye simu, kila mtu anaijua njia yake: ada, msiba, mchango wa harusi, na harusi za kwetu Tanga tunajua zinavyotaka. Mzee mmoja wa Ngamiani aliniambia kwamba yeye hakujenga nyumba ili apate faida, alijenga ili pesa isimponyoke mkononi, faida ikaja baadaye. Sijawahi kusikia utetezi wa kujenga polepole uliokaa sawa kuliko huo.

Na kuna bei. Saruji haishuki, bati halishuki, fundi hashuki. Anayenunua leo ananunua kwa bei ya leo. Anayesubiri atakuta bei imemkimbia. Hili ndilo jambo ambalo kila mjenzi atakwambia kwanza, naye hasemi uongo.

Sasa tuliweke kwenye hesabu, kwa sababu mazungumzo yetu juu ya kujenga huishia kwenye misemo. Tuchukue mtu anayeweza kutenga shilingi 400,000 kila mwezi, asiongeze wala asipunguze. Anataka nyumba ya vyumba sita vya kupangisha ambayo leo, ikijengwa yote kwa mkupuo, ingegharimu shilingi 38,400,000. Tuseme pia kwamba gharama za ujenzi zinapanda asilimia 4 kwa mwaka. Kama bei zisingepanda, angemaliza kwa miaka 8 kamili. Lakini zinapanda.

Akijenga kidogo kidogo, kila mwezi akigeuza pesa yake kuwa tofali, atamaliza baada ya miaka 9 na nusu na ushei. Hapo nimeshampa faida yake yote ya kununua mapema kwa bei nafuu. Akiiweka pesa ile mahali inapozaa asilimia 10 kwa mwaka, faida ikijumlishwa kila mwezi, halafu ajenge kwa mkupuo, atakuwa na pesa ya kutosha baada ya miaka 7 na miezi 3. Kumbuka kwamba kufikia siku hiyo nyumba yenyewe imeshapanda kutoka milioni 38.4 hadi milioni 51. Bei imemkimbia kweli, kama walivyosema, lakini pesa yake imekimbia zaidi.

Mtu wa tatu ndiye aliyenifanya niirudie hesabu hii mara nne, nikidhani nimekosea. Huyu anasubiri kama mwalimu, lakini pesa yake haizai kitu. Ipo kwenye simu, kwenye akaunti ya kawaida, au chini ya godoro. Huyu atahitaji miaka 13 na miezi 8 kujenga nyumba ileile. Karibu mara mbili ya mwalimu. Na miaka minne zaidi ya mwenye pagala.

Ziweke namba hizo tatu pamoja: miaka 7 na robo, miaka 9 na nusu, miaka 13 na zaidi. Hapo ndipo nilipowaelewa wazee wetu. Walipotuhimiza tusikae na pesa, tujenge hata ukuta mmoja, walikuwa wanatulinganisha na huyu wa tatu, maana wao hawakuwa na njia nyingine ya kusubiri. Pesa iliyokaa ilikuwa pesa inayooza. Kwa enzi yao walikuwa sahihi kabisa, na nyumba zao zinashuhudia. Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS, taasisi ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambao kwa Watanzania wengi ulikuwa mlango wa kwanza wa kuwekeza kwa kiasi kidogo, ulianza mwaka 2005 tu. Mtu aliyeanza msingi wake Makorora mwaka 1985 angeiweka wapi pesa yake?

Lakini sisi tuna mahali. Mwezi Februari 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya kupanua huduma ya maji ya jiji na ya miji jirani kama Muheza na Pangani. Muda wake ni miaka 10, riba yake asilimia 13.5 kwa mwaka, inayolipwa mara mbili kila mwaka. Ilinunuliwa ikapita kiwango kilichotakiwa. Sasa imeandikishwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, na anayetaka kipande leo atakinunua kwa aliye nacho, kupitia dalali wa soko. Katika hesabu yangu sikutumia 13.5. Nimetumia 10 ili gharama, kusuasua na miaka mibaya vipate nafasi. Hata ukishusha hadi 6, mwalimu anamaliza baada ya miaka 8 na miezi 7, bado kabla ya jirani yake. Anakuwa sawa na jirani pale tu pesa yake inapozaa asilimia 4, yaani sawasawa na kupanda kwa vifaa.

Miezi 27 hivi kati ya mwalimu na jirani yake si kidogo. Vyumba sita, tuseme kila kimoja kodi yake shilingi 40,000, ni shilingi 240,000 kwa mwezi. Kwa miezi 27 ni shilingi 6,480,000. Toa kodi ya zuio ya serikali, asilimia 10, toa mwezi ambao chumba kimekaa kitupu, toa kitasa na bomba la choo. Bado ni pesa ambayo mwenye pagala hataiona kamwe, na hakuna mahali popote katika daftari lake la ujenzi ilipoandikwa. Daftari lile lina mifuko ya saruji, tripu za mchanga, posho ya fundi, hata soda ya vibarua. Halina mstari wa muda. Gharama kubwa kuliko zote katika nyumba ile ni miaka ambayo imesimama bila mpangaji, na kwa kuwa haikutoka mfukoni siku moja, haimuumi.

Pagala lenyewe nalo halikai lilivyo. Mji wetu uko baharini. Hewa ina chumvi, masika yetu ni marefu, na nondo iliyoachwa wazi juu ya lenta misimu sita haiwezi kubeba alichotarajia mhandisi. Wapo wanaochanganya zege kwa mchanga wa pwani kwa sababu ni rahisi, na chumvi yake hula chuma kutokea ndani. Saruji iliyowekwa stoo zaidi ya miezi mitatu huanza kuganda, na mfuko ulioganda ni jiwe. Mbao zinabebwa usiku. Fundi aliyeanza kazi amehamia Dar, anayekuja anasema aliyetangulia aliharibu, anabomoa kozi mbili. Ukijumlisha hayo, miaka 9 na nusu inasogea kumi na moja, na hapo sijatia chumvi.

Sasa nirudi kwenye hoja ya shemeji, maana hiyo ndiyo nzito kuliko zote na namba hazijaigusa. Hesabu yangu inadhani kwamba mtu ataweka 400,000 kila mwezi kwa miaka saba bila kuchomoa. Nani kati yetu amefanya hivyo? Mfuko wa ukwasi, ule wa kutoa pesa haraka, unaweza kuuza vipande vyako na pesa ikafika ndani ya siku chache, na urahisi huo ni hatari kwa mtu asiyejua kusema hapana. Kwa mtu wa namna hiyo, na hakuna aibu kuwa mtu wa namna hiyo katika jamii inayoishi kwa kusaidiana, tofali ni sanduku lenye kufuli. Anailipia kufuli ile kwa miaka miwili ya kodi ya wapangaji anayoikosa, lakini pengine bila kufuli asingekuwa na nyumba kabisa. Hatifungani hapa inasaidia zaidi ya mfuko, kwa kuwa kuiuza kabla ya wakati kunahitaji dalali, mnunuzi na subira. Mwalimu ameniambia ndiyo sababu aliinunua: akiombwa pesa anaweza kusema imefungwa, na anasema kweli.

Kuna hoja nyingine inayosemwa kwa sauti ya chini ambayo wachambuzi wa pesa hupenda kuiruka. Tanga ni mji wa Waislamu wengi, na asilimia 13.5 ya hatifungani ni riba. Mtu anayekataa kula riba hakosi elimu ya fedha, ana dini yake, na hesabu yoyote inayomtaka aiweke kando haimhusu. Kwake, kujenga polepole kumekuwa ndiyo akiba ya halali iliyokuwepo. Ningemwambia tu kwamba milango si hiyo miwili peke yake. Amana Bank inafanya kazi kwa misingi ya Kiislamu tangu 2011, benki kubwa zina madirisha yasiyo ya riba, na sukuk, hati za uwekezaji zinazofuata misingi ya Kiislamu, zimeanza kuingia sokoni. Faida yake haiahidiwi kwa namba kama ya hatifungani. Lakini tumeona kwamba inatosha izidi kupanda kwa bei ya vifaa. Na kodi ya chumba ni halali tangu mwanzo, jambo ambalo nitalirudia hapo chini.

Kinachonisikitisha zaidi ni mapagala yaliyoanzishwa kwa tetesi. Mwezi Agosti 2017 Marais Magufuli na Museveni waliweka jiwe la msingi la bomba la mafuta Chongoleani, mwisho wa safari ya kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Tangu hapo neno "bomba" limeuza viwanja vingi katika mji huu, na kila kiwanja kiliuzwa pamoja na haraka: anza msingi sasa, wageni wanakuja. Bomba ni jambo kubwa na la kweli. Lakini kazi ya kulijenga ndiyo inayoleta watu wengi wa kupanga, na kazi hiyo ina mwisho, wakati kulisimamia kunahitaji wachache. Nyumba itakayokamilika baada ya miaka kumi haiwezi kumpangisha mfanyakazi wa ujenzi aliyekwisha kuondoka. Wenzetu wa Bagamoyo walipita njia hii kabla yetu. Mkataba wa awali wa bandari yao ulitiwa saini 2013, jiwe likawekwa Oktoba 2015, na mwaka 2019 mazungumzo yakasimamishwa. Waliokuwa na pesa inayozaa mahali pengine walisubiri bila kuumia. Waliokuwa wameizika yote kwenye misingi waliisubiri ikiwa ardhini.

Upande wa mwalimu nao una tatizo ambalo watetezi wake hawalisemi, na mimi mwenyewe nilichelewa kuliona. Ardhi yetu si ya mtu kuikalia tu. Hatimiliki ya kiwanja cha makazi kwa kawaida hubeba sharti la kuendeleza ndani ya miezi 36, na asiyetimiza masharti anaweza kufutiwa milki. Kodi ya ardhi inadaiwa kila mwaka uwe umejenga au hujajenga. Na kiwanja chenye majani kina adui mwingine asiyesoma sheria: mvamizi, na dalali anayekiuza mara ya pili kwa mtu wa Dar ambaye hajawahi kufika Kange. Miaka 7 na robo ya kusubiri haiingii ndani ya miezi 36. Anayemshauri mtu aache kiwanja kitupu muda wote huo kwa ajili ya faida ya mfuko anamweka kwenye hatari ya kupoteza ardhi yenyewe.

Nadhani jibu lipo kwenye nyumba zetu za zamani, na tumelisahau kwa sababu ya tamaa ya ramani kubwa. Angalia nyumba ya Kiswahili ya Ngamiani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, nyuma ua wenye jiko, choo na banda la uani. Zipo ambazo hazikuanza na nyumba ya mbele. Zilianza uani. Mtu alijenga vyumba viwili na choo, akavimaliza, akahamia au akapangisha, kisha ndipo akageukia mbele. Kipimo chake cha ujenzi kilikuwa chumba kilichokwisha, chenye mlango unaofungwa na mtu anayelipa ndani yake. Sisi tumegeuza kipimo kikawa hatua: msingi wa nyumba nzima, kisha boma la nyumba nzima, kisha lenta ya nyumba nzima, na mpaka bati la mwisho lipigwe hakuna hata chumba kimoja kinachoingiza shilingi.

Turudi kwa mtu wetu wa 400,000. Tuseme vyumba viwili vya uani na choo ni milioni 10 kwa bei ya leo. Akiiweka pesa yake inapozaa asilimia 10, baada ya miaka miwili na mwezi hivi anayo, pamoja na kupanda kwa bei. Hiyo iko ndani ya miezi 36. Anajenga kwa mkupuo katika kiangazi kimoja, kwa saruji mbichi na fundi mmoja, kwa kibali cha ujenzi ambacho ramani yake inaonyesha uani na mbele tangu siku ya kwanza, ili afisa wa jiji asije na rangi nyekundu. Wapangaji wawili wanaingia. Sasa fungu lake la mwezi si 400,000 tena, ni 480,000 kasoro kodi ya zuio, na hiyo nyongeza hata asiyetaka riba anaila bila wasiwasi. Wapangaji hao pia ni walinzi wa kiwanja. Hakuna dalali atakayekiuza mara ya pili kiwanja ambacho kuna mtu anaanika nguo.

Anayefanya hivi anamjibu mzee wa Ngamiani na anamjibu mwalimu kwa pamoja, kwa sababu pesa haikai muda mrefu kiasi cha kuibiwa na shida za ukoo, na haikai kwenye ukuta usio na paa. Namwona mwalimu akielekea huko. Wiki iliyopita alikuwa kiwanjani na fundi, wakipima kwa kamba upande wa nyuma karibu na mwarobaini, mita sita kwa nne. Alipoulizwa na jirani mbona anaanzia nyuma kama watu wa zamani, alisema mita ya LUKU ameshaiombea, na chumba cha kwanza kimeshapata mtu.